Kigingi Kilichopigwa Msibani

Mutale na Furaha, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimeanza kuyasahau tayari, kwa hiyo mmeniwahi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Furaha alizaliwa ng'ambo ya ziwa kama mimi na Kibemba chake cha kusoma bado kinachechemea, na kwa sababu Mutale anajigamba kwamba Kiswahili chake cha sokoni kinamtosha. Tutaona. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa sitaziandika. Hizo mtazisikia hata msipotaka.

Kazi yetu mnaijua, lakini huenda mwingine akasoma baada yenu. Sehemu yetu ya Chitondo ni viwanja vinavyoteremka kutoka barabara kubwa mpaka kwenye mchanga wa ziwa. Wenye viwanja wana umoja wao, umoja una komite, komite ina sheria za kujenga, na sheria zina mtu mmoja wa kuzitembeza kwa miguu. Mtu huyo alikuwa Ba Kangwa, yaani Mzee Kangwa, kisha nikawa mimi, sasa ni nyinyi wawili. Kwamba wanatakiwa vijana wawili kufanya kazi ya mzee mmoja, hilo mimi silisemi.

Nilikuja huku kutoka Pweto nikiwa fundi wa matofali. Ba Kangwa alinikuta najenga jiko la mwalimu mmoja, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Mwishowe akasema ukuta wangu ni mzuri sana, ila uko mahali pabaya. Nilikasirika, maana fundi huusifu ukuta wake, mahali ni shauri la mwenye nyumba. Kesho yake alirudi na kamba, akanipa ncha moja niishike, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimepata kazi.

Siku ya kwanza nilikuja na mita mpya ya chuma, nimeipaka mafuta. Ba Kangwa aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa mgeni.

"Wacha hiyo mukwai," akasema, mukwai ikiwa heshima ya Kibemba, kama bwana. "Leo tunaona moshi."

Tukakaa juu ya mawe karibu na barabara, tukaangalia moshi wa majiko yote ya Chitondo. Asubuhi ulikuwa unaelekea ziwani. Jua lilipopanda, ukasimama kidogo, halafu wote ukageuka ukaja kwetu. Ba Kangwa akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona moshi. Akasema, "Basi rudi kesho." Nilirudi siku nyingi kabla ya kuelewa kwamba alikuwa ananionyesha upepo, na kwamba upepo ndio mwenye viwanja halisi huku kwetu.

Furaha, wewe umelima kambini Mantapala, mbali na ziwa, chisense umeikuta kwenye sahani tu, kwa hiyo nikueleze. Vile visamaki vinavuliwa usiku kwa taa, vinafika asubuhi, vinamwagwa juu ya mchanga na nyasi fupi nyuma ya nyumba. Vinataka jua moja na upepo mmoja. Vikikauka siku ileile, ni mali. Vikilala na unyevu, asubuhi ni harufu, na harufu hainunuliwi hata na mwenye mafua. Nusu ya akina mama wa Chitondo walisomesha watoto wao kwa upepo huo wa mchana. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya umoja inasema kwamba viwanja vya upande wa ziwa havijengi ukuta unaopita kifua cha mtu mzima mbele ya uwanja wa kuanikia wa jirani. Tunaita njia ya upepo. Kifua cha nani, sheria haikusema, na nimewahi kuona mwenye kiwanja akimleta shemeji yake mrefu kutoka Chienge ili apimwe yeye.

Anayetaka kupita kifua ana mlango mmoja tu. Amwendee jirani wa nyuma, amwonyeshe plani, na jirani akikubali achukue nyundo mwenyewe, apige kigingi cha mti mahali ukuta utakaposimama. Jirani ndiye anapiga. Mwenye kujenga hagusi hata nyundo. Wazee waliweka hivyo kwa sababu mtu anaweza kusahau maneno yake, lakini mkono uliopiga kigingi mbele ya watu haukatai. Kigingi kikishapigwa, hata komite nzima haina la kusema, ila ikionekana kwamba jirani hakuonyeshwa plani. Hapo kigingi ni kuni.

Vyombo vya kazi ni vichache. Kamba, timazi, nyundo, na mpira mwembamba wa kutia maji na kuona usawa, ambao ni bora kuliko vipimo vyote vya dukani kwa sababu maji hayajui rushwa. Mita ya chuma mnaweza kuwa nayo, lakini muifiche mfukoni mpaka muwe mmekunywa maji mliyopewa. Hilo Ba Kangwa alinifundisha kwa ukali. Ukiingia kwa mtu, hodi kwanza, kisha afya ya watoto, kisha ziwa, kisha maji ya kunywa, halafu ndipo unaona ukuta kana kwamba umeuona sasa hivi. Mtu akikuona umetoa mita mlangoni, anaanza kusema uongo kabla hujamsalimu.

Msimu wetu wa taabu ni pale ziwa linapofungwa ili samaki wazae. Hapo kila mvuvi anakuwa fundi wa kujenga. Mtu ambaye mwaka mzima hakushika jembe anachimba msingi, shemeji zake wanachoma matofali, na mvua inanyesha juu yao wote. Miezi hiyo nilikuwa natembea na viatu mkononi. Nilikuta choo kimechimbwa pua kwa pua na kisima, na mwenyewe akanieleza kwamba vyote ni vya kwake, kwa hiyo havitagombana. Nilikuta mchungaji amesogeza baraza la kanisa mpaka nusu ya njia. Nilipomwambia, akasema njia ya uzima ni nyembamba. Nikamjibu ndiyo, lakini hii ni ya mikokoteni. Akacheka, akalivunja. Watu wengi wanavunja ukiwaachia mahali pa kucheka.

Sasa nifike kwa Bashi Mwansa, maana najua ndiye mnayemtaka. Mutale, uliwahi kuniuliza kwa nini sipiti njia ya kwake, nikakwambia magoti. Magoti yangu ni mazima.

Bashi Mwansa, baba yake Mwansa kama wanavyoitana Wabemba, alikuwa na kiwanja cha upande wa ziwa. Nyuma yake, kwa juu kidogo, alikaa Bana Chola, yaani mama yake Chola, na mume wake. Wanaume hao wawili walikuwa wamevua pamoja tangu ujana, mtumbwi mmoja, taa moja. Bana Chola alikuwa anaanika chisense nyuma ya nyumba yake, na ukuta wa Bashi Mwansa ulikuwa wa chini hivi kwamba walisalimiana juu yake na kupitisha sahani ya ubwali, ugali wa huku. Nimewahi kuwatolea mfano wenye viwanja wengine waliokuwa wanapelekana kwa komite kwa sababu ya kuku. Nilisema, nendeni mkawaone wale.

Mume wa Bana Chola aliugua na akafa. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimevuka kwenda kwa dada yangu Pweto, naye alikuwa mgonjwa. Yaliyotokea nimeambiwa na wengi, na wote wanasema sawa. Bashi Mwansa ndiye aliyesimamia kilio. Alileta kuni, alileta unga, alilala nje na wanaume kwenye moto, alichimba kaburi, na jeneza alilibeba mbele. Watu walisema hata ndugu wa damu hangefanya vile.

Siku chache baada ya kuzika, wanawake wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka ndani ya nyumba, Bashi Mwansa alikuja mlangoni na wajumbe wawili wa komite. Akasema anataka kujenga kanyumba kadogo ka wageni, wale wanunuzi wa samaki wanaokosa mahali pa kulala, na anaomba mama ampigie kigingi. Bana Chola akatoka na kitenge cha kilio kichwani. Akachukua nyundo. Akapiga. Akarudi kwenye mkeka.

Sasa nyinyi mnazijua desturi za huku. Mtu aliyembeba marehemu wako ukimkatalia kitu kabla machozi hayajakauka, utatazamwa vipi? Na mtu huyo mwenyewe anajua kwamba huwezi kumkatalia. Sisemi kwamba alikuja kwa hila. Nasema tu mlango ulikuwa wazi, naye akaingia.

Niliporudi kutoka Pweto nilikuta kigingi kimesimama na msingi umechimbwa. Msingi ulikuwa na kina ambacho hakichimbwi kwa kanyumba. Fundi akiona shimo anaona na nyumba itakayotoka. Nikaenda, nikanywa maji, nikauliza habari za Mwansa, nikauliza ziwa. Kisha nikauliza.

"Bashi Mwansa, huu musingi ni ya gorofa."

"Ee mukwai," akasema. "Kagorofa kamoja tu. Chini pa kula, juu pa kulala. Bageni banapenda kuona ziwa."

"Plani ulimuonyesha Bana Chola?"

Akamwita mke wake alete maji mengine, ingawa kikombe changu kilikuwa bado kimejaa. "Kigingi alipiga yeye mwenyewe, Ba Kalenga. Na mukono yake. Uliza ba komite."

"Sijauliza nani alipiga. Nauliza kama alionaka plani."

"Batu bote balikuwa pale," akasema, na hapo nikajua kwamba hakumwonyesha.

Ukuta ukapanda. Niseme ukweli kwa sababu ninyi ni mafundi: ulikuwa ukuta mzuri. Matofali yalichomwa mpaka yakalia kama kengele, udongo wa kichuguu, mchanga haukuchukuliwa ziwani ambako ni laini kupita kiasi, ulitolewa mtoni. Timazi yangu haikuwa na la kulaumu. Ulipita kifua, ukapita kichwa, ukafika madirisha ya juu. Nilikuwa napita pale nikaona moshi wa jiko la Bana Chola umesimama wima katikati ya mchana kama mti, wakati moshi wa kila mtu mwingine umelala. Hapo ndipo somo la Ba Kangwa lilinichoma.

Nilimkuta ameinama juu ya samaki, anawageuza kwa mkono, anawanusa. Mwanamke aliyekuwa anajulikana mpaka kwa wanunuzi wa Lubumbashi kwa chisense inayokatika kama majani makavu. Wale wa siku hiyo walikuwa laini. Alinipa kigoda nikakaa.

"Bananiambia nipunguze bei," akasema. "Leo njo mara ya kwanza. Kesho hawatakuya tena."

"Bana Chola, alikuonyesha plani?"

Akaendelea kugeuza. "Plani ni kitu gani? Nilikuwa mu kilio, Papa Kalenga. Alisema kanyumba."

"Basi ukisema vile mbele ya komite, ule ukuta unaanguka. Sheria iko na wewe. Neno moja tu."

"Neno moja," akasema, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na ule alimubebaka mume wangu, nitamutazama na macho gani?"

Nikamwambia kwamba kubeba ni kubeba na ukuta ni ukuta. Nilijiona nina hekima siku hiyo. Nikamweleza kwamba hakuna atakayemtukana Bashi Mwansa, kwamba atajenga chini, kwamba atapewa muda. Akasema atafikiri. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Madamu Chanda, ambaye alikuwa nesi na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali kama anachoma sindano, haraka na bila kukutazama. Akaitisha mkutano.

Tulikutana kwenye darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Walikuja wengi kuliko kawaida. Hakuna aliyekuja kusikia, maana kila mtu alikuwa anajua tayari. Walikuja kuona. Bashi Mwansa alikaa nyuma karibu na mlango, kofia mapajani. Mke wake hakuja.

Madamu Chanda akanipa nafasi nieleze. Nikaeleza urefu, njia ya upepo, kigingi. Kisha akamgeukia Bana Chola, aliyekuwa amesimama upande wa ubao.

"Mama, kigingi ulipiga weye?"

"Nilipigaka miye."

"Kabla ya kupiga, Bashi Mwansa alikuonyesha plani?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu moyoni mafundi watakaobomoa. Bana Chola alitazama kule nyuma karibu na mlango. Bashi Mwansa hakuinua kichwa.

"Alinionyesha," akasema.

"Alikuonyesha plani ya gorofa?"

"Ee. Nilionaka. Nikapiga."

Madamu Chanda akawa kama nesi aliyekatikiwa na sindano mkononi. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo kigingi ni kigingi, na mkutano umekwisha. Watu walitoka. Kila mmoja alijua kwamba mwanamke yule amesema uongo mbele ya Mungu na watu ili asimwaibishe aliyemzikia mume. Bashi Mwansa alijua kuliko wote. Alitoka wa mwisho. Nilimpita mlangoni, na badala ya kuniaga alinyoosha mkono akaniondolea vumbi la chaki begani. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya vile.

Huo ndio ulikuwa uamuzi, wanangu, na ulikuwa sahihi kwa kila sheria tuliyo nayo. Hakuna niliyeacha kumuuliza, hakuna kifungu nilichoruka. Nimewahi kushindwa kesi kwa sababu ya ulevi wa mjumbe, au kamba iliyoliwa na mbuzi, na nikalala usingizi mzuri. Ile sikulala.

Bana Chola hakumaliza msimu. Alifunga nyumba, akaenda Kabuta kwa mdogo wake, ambako mchanga ni wazi mpaka majini na hakuna gorofa hata moja. Alipita kwa majirani kuaga, akapita pia kwa Bashi Mwansa. Wanasema waliongea vizuri. Wanasema hata alimsifia nyumba.

Nyumba ya wageni ikaisha. Ikapakwa rangi ya buluu, wanunuzi wakalala juu wakaona ziwa. Lakini nyuma ya ile nyumba kulikuwa na uwanja uliosafishwa na miaka ya kuanika, sasa unaota nyasi, na dirisha la ngazi lilikuwa linatazama pale pale. Nilisikia kwamba Bashi Mwansa aliliziba kwa bati. Kisha nikasikia kwamba hapandi juu kabisa, anamtuma mke wake. Watu walikuwa wanamsalimu kama zamani, kwa heshima zote, na hakuna aliyekuwa anakaa. Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, tunasoma kanisani. Jumapili neno hilo liliposomwa, alitoka nje kama mtu mwenye kikohozi.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, alinijia nyumbani. Alikaa, akauliza magoti yangu, akauliza ziwa. Alifuata taratibu zangu zote mpaka nikaanza kuogopa.

"Ba Kalenga, kuya na timazi yako," akasema. "Nataka kuvunja juu."

"Juu yote?"

"Mpaka kifua."

Nilimwambia hakuna anayemdai, komite ilikwisha amua. Akasema, "Awe, hapana, komite haiku mu nyumba yangu usiku. Miye njo niko."

Tulivunja sisi wawili na mafundi wake. Kubomoa ukuta mbaya ni raha, unajiangukia wenyewe. Ule ulikataa. Kila tofali lilitoka na tofali la jirani yake limeshikana nalo, tukawa tunayaachanisha kwa patasi moja moja. Bashi Mwansa alifanya kazi bila kupumzika, na yeye si kijana. Tulipofika kifua nikaweka kamba, nikaweka mpira wa maji, nikamwambia pamenyooka. Mchana ule upepo ukapita juu yetu ukaingia kwenye ule uwanja wa nyasi. Yeye akatoa kofia.

"Nenda umwambie," akasema. "Miye siwezi."

Nikachukua baiskeli ya mtoto wangu nikaenda Kabuta, nimefurahi kama aliyetumwa na habari za harusi. Nilimkuta Bana Chola ufukweni kwa mdogo wake, chisense imetandazwa mbele yake, kavu, inang'aa. Nikamweleza yote. Nikamwambia ukuta umefika kifua, upepo unapita, nyumba yake iko, funguo anazo mwenyewe. Nilitegemea afurahi. Nilitegemea hata alie.

Aliniuliza kama matofali hayakupotea bure. Nikasema yamepangwa vizuri. Akasema ni vema, vya kujengea ni ghali siku hizi. Kisha akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Papa Kalenga, weye unazani nilikimbia sababu ya samaki?"

Nikalaza baiskeli mchangani, nikakaa.

"Upepo uko fasi yote, kila mahali. Angeniulizaka vizuri ningemupa ule uwanja, miye ningeanika huku. Ni rafiki ya bwana yangu." Alikuwa anaongea polepole, kama anayetafuta kitu gizani kwa mkono. "Siku ile ya kilio njo kitu nilibakia nacho. Nilikuwa nasema, mume wangu alikufa lakini alizikwa na mutu alimupenda. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa nakumbuka vile alibeba. Sasa nikikumbuka, naona na nyundo. Sijue alikuya kumuzika, ao alikuya sababu ya kigingi. Ukuta mulivunja, asante. Ile siku mutanirudishia namna gani?"

Mimi nimejenga na nimebomoa tangu ujana. Nilikaa pale nikatazama mikono yangu. Nilipoinuka kuondoka akaniambia, kwa sauti ndogo, "Umuulize. Sina kasirani. Umuulize tu."

Kazi yangu haikuwa kubeba maswali ya namna hiyo. Lakini sheria zilikuwa zimemaliza kazi yake, na hakuna mwingine aliyekuwa anapita kati ya wale wawili. Nikaenda kwa Bashi Mwansa nikamwambia maneno ya Bana Chola yalivyo, bila kuyapaka rangi. Alikuwa anapanga matofali ya zamani ukutani. Aliendelea kupanga.

"Nililia pale," akasema mwishowe. "Batu baliona. Ule alikuwa ndugu yangu, Ba Kalenga. Kaburi nilichimba miye, mikono ikatoka damu."

"Najua."

"Lakini plani nayo ilikuwa mu mufuko. Tangu yeye hajakufa bado. Nilikuwa najua ule bwana hatakubali, yeye alikuwa mutu wa samaki." Akaweka tofali chini. "Ungeniuliza mwaka ule, ningekujibu na kasirani, ningesema nilienda kuzika. Sasa nimefikiri sana. Mukwai, hata miye sijue tena."

Nilimwomba aende mwenyewe Kabuta. Alisema ataenda, na uso wake ukasema hataenda. Nilichelewa siku kadhaa kurudi kwa Bana Chola. Nilitafuta maneno mengine ya kupeleka, maneno laini zaidi, na ninayo mengi, nimeyatumia kwa watu wa vyoo na baraza maisha yangu yote. Nikaona kwamba mwanamke yule amekwisha danganywa mara moja na kudanganya mara moja kwa ajili ya mtu huyo, na inatosha.

Kwa hiyo nilimwambia kama alivyosema: kwamba alilia, kwamba plani ilikuwa mfukoni, na kwamba hata yeye hajui tena kilichompeleka.

Bana Chola alisikiliza mpaka mwisho. Alipangusa magamba ya samaki kwenye kitenge chake, akatazama upande wa Chitondo, ambako kutoka pale Kabuta huoni kitu ila maji.

"Kumbe tuko bawili hatujue," akasema.

Kisha akarudi kugeuza samaki wake, maana jua lilikuwa bado kali.